Nilimwachia Mama Mgonjwa Asiyeruhusiwa Kumgusa

Nianze kwa kusema wazi: kosa ni langu. Si la hospitali, si la nesi, si la mama yangu, na wala si la shetani. Huku kwetu mtu akiharibu anamsingizia shetani haraka sana. Shetani hakuwepo siku ile. Nilikuwepo mimi na gauni langu la sare.

Jina langu usiniulize. Nauza dagaa na mafuta ya kula sokoni Runzewe. Pale sokoni wananiita mama mvumilivu, mke wa mfano, wanawaambia hadi mabinti wao waniige. Jamani! Wakinisifia hivyo natamani ardhi ipasuke nizame humohumo na dagaa zangu.

Mume wangu nitamwita Baba Kulwa, kwa sababu tuna mapacha, na huku kwetu mapacha ni Kulwa na Doto hata cheti kiandike majina gani. Alikuwa mchimbaji. Si wa ule mgodi mkubwa wenye uzio na mageti, hapana. Wa hukuhuku kwetu, wa kushuka duarani, ndani ya shimo, kwa kamba na tochi kichwani. Mtu mwenye maneno mengi, mcheshi, akirudi nyumbani na vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, mpaka kwenye kope anawatisha watoto kwamba yeye ni mzungu.

Siku ya ajali yeye alikuwa chini, wenzake juu wanavuta mfuko wa mawe. Kamba ikakatika. Mfuko ukarudi shimoni ukampiga kichwa. Alikuwa amevaa kofia ngumu, la sivyo tungemzika wiki ileile.

Alipasuliwa kichwa Mwanza. Akakaa bila fahamu mpaka shemeji zangu wakaanza kunong'ona azikwe wapi, kwa baba yake au kwangu. Halafu akafumbua macho. Nililia mbele za watu, sikuona aibu. Baadaye tukahamishiwa hospitali nyingine ya huku kwetu, sitaitaja na sina ugomvi nayo, ili afanyishwe mazoezi mpaka arudi kwenye hali yake.

Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penye shida yenyewe.

Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimelegea. Hilo kila mtu aliliona. Ambalo halionekani ni kwamba yeye mwenyewe hakujua kama amelegea! Jina la Doto lilikuwa limepotea kabisa kichwani. Mimi alikuwa ananiita dada. Ukimuuliza uko wapi, anakwambia niko kambini, nasubiri zamu yangu ya kushuka. Na akishasema hivyo, huyo anainuka.

Nesi wa wodi ile, mama wa makamo asiye na utani, alinikalisha kwenye benchi akanieleza. "Mama Kulwa, mguu hauna nguvu, ila ubongo wake haujui. Yeye anajiona mzima. Atainuka muda wowote, na mara nyingi atainuka kwa sababu ya haja. Usimngoje aombe. Mpe chupa ya mkojo kabla hajaitaka. Akienda chooni, mshike kiunoni, ingia naye mpaka ndani, usimwachie hata kama ameshika ukuta. Kichwa kile kikipigika tena, mimi sina la kukwambia."

Juu ya kitanda wakabandika karatasi nyekundu imeandikwa HATARI YA KUANGUKA. Vyuma vya pembeni vikawa vinapandishwa muda wote. Na sheria ya wodi ikawa hivi: anayekaa na mgonjwa huyu lazima awe mtu anayeweza kumshika na kumhudumia kila kitu, bila kuoneana haya.

Nilielewa. Naomba mnielewe na nyie: nilielewa vizuri kabisa! Kuna siku niligeuka tu kusuuza kikombe, nikasikia kitanda kinalia, kugeuka naona mguu mmoja ushapita. Nilimrukia nikamdaka shati, tukaketi sakafuni wote wawili. Akanifokea, "Dada niachie, wenzangu wameshashuka!" Kwa hiyo msije mkasema sikujua. Nilijua.

Na alikuwa anapona. Ndiyo inayoniua hiyo. Kwenye chumba cha mazoezi kulikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, ukipita katikati. Siku za mwanzo alikuwa ananing'inia pale kama nguo kwenye kamba. Baadaye akaanza kuburuza mguu. Baadaye akauinua. Daktari wa mazoezi, kijana mpole wa watu, akaniambia, "Huyu atatembea. Kwa fimbo, na pole pole, lakini atatoka hapa kwa miguu yake." Nilipiga vigelegele mle ndani mpaka wagonjwa wengine wakacheka.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekabidhiwa. Mume anayetembea kwa fimbo mpaka mlangoni kwake, akae kibarazani, afokee kuku. Sikuhitaji dhahabu tena wala nini. Hicho tu.

Mwanzoni tulikuwa tunapokezana na wifi yangu, dada yake Baba Kulwa. Mwanawe akaugua, akarudi nyumbani. Shemeji zangu walikuwa mashimoni, wanakuja siku za mapumziko, wanasimama miguuni mwa kitanda, wanakohoa, wanaondoka. Nikabaki mimi. Nilale mimi, niamke mimi, nifue mimi. Nywele zikafungamana. Nikawa nanuka dawa ya kusafishia sakafu hata nikioga.

Sasa, rafiki yangu wa sokoni alikuwa anamfanyia binti yake sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Sare tulishachagua kabla ya ajali, kitenge cha zambarau chenye maua ya dhahabu, na gauni langu lilishashonwa, liko kwa fundi. Wakaanza kunipigia. "Mama Kulwa, siku moja tu! Unatoka asubuhi, jioni umerudi. Kwani mgonjwa atakimbia?" Tukacheka. Mimi nilicheka!

Nisiwadanganye, nilitaka kwenda. Nilitaka kwa roho yote. Nilitaka siku moja nisiitwe mwangalizi wa kitanda fulani. Nilitaka kupaka rangi mdomoni, nikate mauno, nile pilau ambayo sijaipika mimi. Nikiandika hivi naona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikampigia mama yangu mzazi, huko kijijini karibu na Mhunze. Nikamwambia, "Mama, njoo unisaidie, naenda kuwaona watoto." Uongo wa kwanza huo. Watoto walikuwa kwa jirani, wazima, sikuwa na haja ya kwenda kuwaona.

Mama hakuuliza hata swali. Akapanda basi, akafika na mfuko wa michembe na matobolwa, kwa sababu alikumbuka mkwe wake anapenda viazi hivyo vikavu, avile na karanga. Miguu imejaa vumbi, kanga mbili, na kile kicheko chake cha kufunika mdomo.

Asiye wa huku pengine haelewi. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai kitanda kimoja, hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mwanaume anapisha pembeni anaangalia chini. Mambo ya mwili ndiyo usiseme kabisa, ni mwiko, ni aibu ya ukoo mzima. Na Baba Kulwa alikuwa amezidi! Mama akija kutusalimia, yeye anahamia kwa jirani, chakula anapelekewa hukohuko. Nilikuwa namtania, "Wewe unaogopa nini, mama yangu hang'ati!" Anasema, "Mkwe ni mkwe."

Nikajua hilo pia. Nikalijua nikalipita.

Mama alikuwa nje bombani ananawa miguu. Nesi akaniuliza, "Huyu mama aliyekuja ni nani kwa mgonjwa? Maana kama hawezi kumpeleka chooni, sikuruhusu utoke."

Nikamjibu bila hata kupepesa jicho, "Ni mama yake mzazi, sista."

Mama yake mzazi Baba Kulwa alishafariki zamani. Nilimfufua pale wodini ili nikacheze muziki.

Nesi akafurahi. "Afadhali. Mama mzazi hamwonei haya mwanawe. Nenda, ila usichelewe, na mwelekeze kila kitu."

Sikumwelekeza kitu. Ningemwambiaje? Ningemwambia mama, huyu mkwe wako inabidi umvue suruali umshike kiuno, angebeba mfuko wake akarudi Mhunze muda uleule. Kwa hiyo nikamwambia, "Hana shida, analala tu. Wewe kaa hapo kwenye kiti. Akitaka kitu, ita nesi." Ile karatasi nyekundu mama hakuweza kuisoma, hakusoma shule. Akaniuliza, "Hiyo imeandikwa nini?" Nikasema, "Mambo ya hospitali."

Na kuna jambo jingine, sijawahi kumwambia mtu yeyote. Ile chupa ya mkojo ilikuwa kwenye kistuli, karibu na mkono wake mzima wa kulia, mahali alipozoeshwa kuipapasa. Nikaona mama atafadhaika akikaa anaitazama. Nikaichukua, nikaiweka sakafuni, nikaisukuma kwa mguu mpaka chini kabisa ya kitanda. Kwa heshima! Niliificha kwa heshima. Nikapandisha vyuma vya pembeni, nikaondoka.

Sendofu ilifana. Sitawaongopea kwamba nilikuwa na mashaka, kwamba moyo ulinipiga. Haukunipiga hata kidogo. Nilicheza. Nilikula. Nilipiga picha na bibi harusi mtarajiwa, nimeinua mkono juu. Simu ilikuwa ndani ya pochi, pochi chini ya kiti, na maspika ya kukodi yanapiga mpaka kifua kinatetemeka.

Nilipokuja kuitoa nipige picha nyingine, nikaona namba ya nesi. Imepiga, imepiga, imepiga.

Yaliyotokea alinisimulia mama mwenyewe, tumekaa kwenye benchi nje.

Baba Kulwa alilala, akaamka, akageuza shingo akamwona. Akamtazama kwa muda. Halafu akainamisha macho akasema, "Shikamoo mama."

Mama akasema, "Marahaba baba, unaendeleaje?"

Akasema, "Naendelea vizuri. Mama Kulwa yuko wapi?"

Jamani! Mama Kulwa! Tangu ajali hakuwahi kuniita hivyo. Nilikuwa dada, dada, dada. Siku aliyonikumbuka mimi ni nani, mimi niko Runzewe nakata mauno.

Mama akamwambia nimeenda kuwaona watoto. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kuhangaika, anapapasa kistuli kwa mkono wa kulia, anapapasa, hapati. Mama akadhani anatafuta maji. Akampa kikombe kwa mikono miwili, akakiweka pembeni asimguse. Hakukitaka. Mwisho akasema, kwa adabu zote, kama mtu aliye sebuleni kwake, "Mama, samahani. Naomba unipishe kidogo."

Na mama akampisha. Ningekuwa yeye ningefanya nini? Mkwe wako anakuomba faragha, utakaa unamkodolea macho? Alijifunika kanga kichwani, akatoka mpaka kibarazani, akageukia uani, akawapa mgongo. Aliniambia, "Nilifurahi mwanangu. Nikasema moyoni, mkwe wangu amerudi, amekumbuka heshima." Alidhani vyombo vya haja viko humo ndani, anajua mwenyewe pa kuvikuta. Alisimama pale anamshukuru Mungu.

Vyuma vya pembeni vilimzuia, akapitia miguuni mwa kitanda. Mama akasikia kishindo kimoja.

Alifika mlangoni akasimama. Suruali imeshuka, mtu yuko chini, na yeye ni mkwe. Alipiga kelele, "Jamani! Jamani! Njooni!" Halafu akavua kanga yake ya juu, akafumba macho, akaenda kwa kupapasa mpaka akamfunika. Manesi wakamkuta amepiga magoti pembeni yake, amefumba macho vilevile.

Nesi akamfokea, "Wewe ni mama mzazi wa namna gani, unamwacha mwanao peke yake?"

Mama akasema, "Mimi si mama yake. Mimi ni mkwewe."

Nilifika jioni. Na mkitaka kujua mimi ni mtu wa namna gani, sikilizeni hili: sikuingia wodini moja kwa moja. Nilipitia kwanza choo cha nje, nikavua sare, nikavua hereni, nikafuta rangi ya mdomo kwa pindo la kanga, nikavaa gauni langu kuukuu. Mume wangu yuko ndani anatapika, mboni ya jicho moja imepanuka, wanahangaika kumtafutia gari la kumpeleka Mwanza, mimi nafuta lipstiki!

Nesi akanivuta pembeni. "Ulinidanganya machoni."

Nikamwambia, "Sista, naomba usiwaambie ndugu zake."

Akanitazama. Nilitamani anitukane, anipige hata kofi. Akasema tu, "Mambo ya ndugu zake utayamaliza mwenyewe," akarudi kwa mgonjwa.

Shemeji mkubwa, kaka yake Baba Kulwa, akafika na mabuti yenye tope la shimoni. Akatutazama mimi na mama, akauliza, "Ilikuwaje?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema. Ningepigwa, ningefukuzwa, ningetukanwa ukoo wangu wote, lakini ningesema, yangeisha.

Nikasema, "Nilienda famasi za mjini kutafuta dawa iliyokosekana. Nilimwambia mama asibanduke. Nilimwambia kabisa huyu haachwi hata dakika moja."

Mama alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta. Akainua uso akanitazama. Alijua nilimwambia naenda kwa watoto. Alijua sikumwambia habari ya kutobanduka. Nikamkazia macho. Nilimkazia macho mama yangu mzazi kama mtoto aliyeiba sukari!

Akashusha uso. Akasema taratibu, "Labda aliniambia. Uzee huu, nasahau."

Shemeji akamwambia, "Bibi, mwenzetu alikuwa anaanza kutembea. Umekuja, kaanguka. Wewe ulikuja na nini?"

Mnajua huku kwetu neno kama hilo, la kumhisi mtu uchawi, linamaanisha nini kwa mama mzee. Mnajua linavyosafiri. Nilikaa kimya.

Mama aliondoka kesho yake asubuhi. Hakuna aliyembebea mfuko. Mimi sikumsindikiza stendi, niliogopa tukiwa wawili ataniuliza. Hakuwa na nia ya kuniuliza, sasa najua. Alisema tu, "Michembe iko kwenye mfuko, msiiache ikaota ukungu."

Damu ilivuja tena palepale palipopasuliwa mwanzo. Wakampasua tena. Safari hii alifumbua macho, lakini hakurudi. Hasemi. Hatembei wala haketi bila kuegemezwa. Namwita kwa jina, hageuki. Nampa uji kwa kijiko, namgeuza ubavu huu, namgeuza ubavu ule, na vidonda vya mgongo vinakuja hata hivyo. Yule kijana wa mazoezi alikuja kumtazama tuliporudishwa kwake. Akainua ule mguu, ukaanguka kama kipande cha gogo. Akanipa mkono wa pole akaenda. Nyumbani fimbo tulishamchongea, watoto walishaipaka rangi. Niliichoma jikoni.

Shemeji zangu waliamua mama asikanyage kwetu tena. Nikakubali. Wakasema mimi ni mke wa kweli, nimemchagua mume wangu kuliko mama yangu. Wananiletea mahindi, wananiletea sabuni. Nikipita wanasema, "Shemeji, Mungu anakuona." Ananiona, ndiyo.

Kijijini neno likafika kabla mama hajapumzika safari. Watu wakaacha kunywa maji kwake. Watoto waliokuwa wanamchotea maji wakakatazwa na mama zao. Aliishi hivyo, anajichotea mwenyewe kwa mgongo ule wa uzee, na kila Jumapili anaazima simu ya jirani mmoja aliyebaki naye, anauliza, "Mkwe wangu ameamkaje?" Namwambia anaendelea vizuri. Anasema, "Wabeja, wabeja," yaani asante, anakata, asimmalizie mwenzake salio.

Masika yaliyopita alianza kukohoa. Sikwenda. Nitasema mgonjwa hakuwa na wa kumwangalia, na ni kweli, lakini si hiyo iliyonizuia. Niliogopa uso wake.

Siku moja akanipigia, na haikuwa Jumapili. Pumzi inakatika. Akasema, "Mwanangu, nina neno. Nimelifikiria sana. Ni kweli uliniambia nisibanduke, mimi nikasahau. Nimekuulia mume. Nimewafanya watoto wako mayatima na baba yao yupo. Naomba unisamehe, nisiondoke na huu mzigo."

Alikuwa ameamini! Mnaelewa? Lile nililomkazia macho alilikubali kwa kunisitiri, basi alikaa nalo peke yake kule, watu wamemtenga, mpaka likawa kweli kichwani mwake. Alikuwa anajikumbuka akiambiwa maneno ambayo sikuwahi kuyasema.

Ningeweza kumkatisha. Neno moja tu, "Hapana mama." Jirani yangu alikuwa amekaa hapo pembeni ananisaidia kuchambua dagaa, anasikia. Nikamwangalia jirani. Nikasema kwenye simu, "Nimekusamehe, mama. Usijali."

Akasema, "Wabeja, mwanangu. Umenitua."

Alifariki wiki hiyohiyo. Msibani tulikuwa wachache, hata wa kuchimba kaburi waliletwa kwa kubembelezwa. Shemeji zangu hawakuja. Shangazi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Angalau alikufa moyo wake mweupe, alisema mwanangu amenisamehe."

Nimejaribu kumwambia Baba Kulwa. Siku moja namwogesha nikamwambia yote, sendofu, sare, chupa chini ya kitanda, yote. Alikuwa anatazama mabati. Nilipomaliza alikuwa bado anatazama mabati.

Shemeji zangu siwezi kuwaambia. Watanifukuza, na mimi nikifukuzwa nani atamgeuza huyu mtu? Na mama hatarudi akasafishwa jina. Mchungaji nilimfuata, nikafika getini kwake, nikamuuzia dagaa nikarudi. Kwa hiyo nimeandika huku, kwa nyie nisiowajua. Mkitaka kunitukana, nitukaneni, sitajibu.

Lakini wenye wagonjwa wa kichwa, nawaomba. Mtu aliyeumia ubongo akianza kupata nafuu, hapo ndipo wa kuogopwa. Ana nguvu za kuinuka, hana akili ya kujua ataanguka. Usimwachie mtu anayemwonea haya, au ambaye yeye mgonjwa anamwonea haya. Mume wangu alisahau mwanawe, alisahau yuko wapi, alisahau mguu wake mwenyewe. Haya za mkwe hazikumtoka. Ukichoka, sema umechoka. Mwambie nesi nimechoka, naomba nikapumzike, atakutafutia njia. Sendofu zipo kila wiki.

Na la mwisho, hili hata kama huna mgonjwa. Ikitokea siku mtu anakupigia simu anakuomba msamaha wa kosa ambalo wewe ndiye uliyelifanya, usimwache amalize. Mkatishe. Hata kama jirani amekaa hapo anasikia, hata kama utafukuzwa kwako jioni hiyo. Mimi nilimwacha mama yangu akamaliza, halafu nikamsamehe.